Nani amekupa ruhusa ya kusamehe? Diya, ajali zetu na karatasi ya rambirambi

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Ndugu zangu, post ya leo ni ndefu. Mwenye haraka aihifadhi, aisome baada ya Isha akiwa ametulia, kwa sababu ndani yake kuna mali za watoto wa watu.

Naanza na jambo lililonikuta. Miaka kadhaa imepita nilikwenda kwenye msiba wilaya ya Mufindi. Marehemu alikuwa fundi seremala, kijana wa miaka thelathini na kitu, amegongwa na gari akiwa pembeni ya barabara na baiskeli yake. Ameacha mjane na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Siku ya tatu, watu hawajamaliza hata kusoma khitma, wakaja wageni wawili kutoka kwa wenye gari. Wamevaa vizuri, wana adabu. Wakakaa na baba mdogo wa watoto, wakatoa pole, wakatoa bahasha ya laki tano, wakatoa na karatasi. Baba mdogo akasaini. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka pale, na nilichosema moyoni ni alhamdulillah, watu hawa waungwana. Mjane alikuwa ndani, kwenye eda. Hakuitwa.

Nilikuja kuisoma ile karatasi baadaye. Ilisema familia imepokea malipo ya mwisho na haitadai tena chochote, popote. Na mimi ndiye niliyesimama makaburini siku ya kwanza nikawaambia watu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kweli, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini breki za lile gari zilikuwa kazi ya nani?

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili, upande wa dini yetu na upande wa sheria za serikali. Nimegundua kwamba tunachowaambia wafiwa misikitini kwetu hakimo katika upande wowote kati ya hizo mbili.

Anayeishi Iringa au Mbeya anaijua barabara yetu. Kitonga, Ilula, Ipogolo, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, Mwanjelwa, Iwambi, Mbalizi, hadi Tunduma. Wazee wanaikumbuka ikiwa vumbi. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, Zambia ikabanwa upande wa kusini, na mafuta yake yakaanza kupita kwetu kwa malori, mapipa juu ya mapipa, kwenye udongo unaoteleza wakati wa masika. Madereva wa Kizungu wa wakati ule waliipa barabara hii jina lenye maana ya safari ya jehanamu, astaghfirullah. Lami ilikuja miaka ya mwanzo ya 1970. Lami ikaleta mwendo, na mwendo ukaleta misiba ya namna nyingine. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 40. Tarehe 7 Juni 2025, kwenye mteremko wa Iwambi, lori liligonga magari mengine, daladala ikiwamo, na taarifa za serikali zikataja vifo 28. Hizo ni zile kubwa zilizotangazwa. Mmoja mmoja, wawili wawili, wanaogongwa Inyala au Nyororo, hao hata redioni hawatajwi.

Sasa twende Madina, nataka muone waliotutangulia walifanyaje.

Kama kuna watu walioielewa kadari, ni Maswahaba. Hakuna aliyewazidi kuamini kwamba ajali ya mtu, yaani muda wake, imekwisha kuandikwa. Siku ya Uhud mzee mmoja, al-Yaman, baba yake Hudhayfa (R.A), aliachwa nyuma pamoja na wanawake na watoto kwa sababu ya uzee. Akaona haya, akachukua upanga, akaingia vitani. Waislamu wenyewe hawakumtambua kwenye vumbi lile, wakamuua. Hudhayfa anapiga kelele, baba yangu, baba yangu, hawasikii. Walipotambua kosa, Hudhayfa aliwaombea msamaha kwa Mwenyezi Mungu.

Mara nyingi masheikh tunaishia hapo, tunasema mmeona, Hudhayfa alisamehe. Lakini wapokezi wa sira wameeleza kilichofuata: Mtume (S.A.W) alitaka kumlipa Hudhayfa diya ya baba yake, na Hudhayfa akaitoa sadaka kwa Waislamu. Angalia mpangilio wenyewe. Kwanza haki ilitambuliwa. Mtume hakumwambia kwamba ilikuwa vita, ilikuwa bahati mbaya, ilikwisha kuandikwa. Alimwambia kwa vitendo: una haki yako hapa. Baada ya haki kuwa mkononi mwake, mtu mzima, mrithi, mwenye akili timamu, akaamua kuisamehe. Huo ndio msamaha. Mtu asiyejua kama ana haki anasamehe nini?

Kisa cha pili ni cha mwaka wa 8 Hijria, baada ya Makka kufunguliwa. Khalid bin al-Walid (R.A) alitumwa kwa Banu Jadhima. Wale watu walitaka kusema wamesilimu, lakini hawakulitamka neno lile vizuri, wakatumia neno jingine lenye maana ya kwamba wametoka kwenye dini yao. Khalid akawaelewa vibaya, wakauawa watu. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W) aliinua mikono akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo kile. Lakini hakuishia kwenye dua. Alimtuma Ali (R.A) na mali. Ali akalipa diya za watu, kisha akalipa vilivyoharibika, hata chombo cha mbao cha kunyweshea mbwa. Soma tena: chombo cha mbwa! Alipomaliza akauliza kama kuna yeyote aliyebaki na dai. Wakasema hakuna. Mali ilikuwa imebaki, akawapa nayo, kwa tahadhari, isije ikawa kuna haki ambayo hakuna anayeijua. Mtume aliposikia alisema Ali amefanya vema.

Linganisha na ile karatasi ya Mufindi. Ali alikuwa anatafuta madai yaliyosahaulika ili ayalipe. Wageni wetu walikuja kuyafunga kabla hayajafunguliwa.

Diya imo katika Suratun Nisaa, aya ya 92. Anayeua muumini kwa makosa ana mambo mawili juu yake: kafara, ambayo ni baina yake na Mola wake, na diya inayokabidhiwa kwa watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe waisamehe. Makosa maana yake hakukusudia. Kwa hiyo dereva akisema sikukusudia, hajajitoa kwenye aya hii. Ameingia ndani yake.

Na tazama aya hii iko sura gani. Ni sura ileile ambayo aya yake ya 10 inawatisha kwa moto wanaokula mali ya yatima, na aya za 11 na 12 zinagawa mirathi. Wanazuoni wetu wa Kishafii wanasema diya ni mali inayorithiwa kama mali nyingine za marehemu: mke ana fungu lake, mama ana lake, watoto wana lao. Mrithi mtu mzima anaweza kusamehe fungu lake. Fungu la mtoto mdogo, walii wake hana mamlaka ya kulisamehe bure. Baba mdogo hana. Babu hana. Sheikh hana kabisa.

Kuhusu mke, hapa pana kisa ambacho natamani kila mwanamume wa Nyanda za Juu Kusini angekijua. Umar bin al-Khattab (R.A), pamoja na elimu yake yote, aliwahi kuona kwamba mke harithi katika diya ya mumewe. Hoja yake ilikuwa kwamba diya katika makosa hulipwa na ukoo wa aliyeua, basi na wanaopokea wawe ukoo wa aliyeuawa. Akasimama ad-Dahhak bin Sufyan, akamwambia Mtume (S.A.W) alimwandikia barua kwamba amrithishe mke wa Ashyam ad-Dibabi kutoka katika diya ya mumewe. Umar akarudi nyuma palepale. Khalifa, Amirul Muuminin, amebadilisha msimamo kwa barua moja ya mjane mmoja. Na sisi leo mashemeji tunakaa kikao cha ukoo, tunagawana, mjane anapelekewa kanga na kilo kumi za mchele.

Umar huyohuyo ndiye aliyegusa jambo ambalo majaji wa leo bado wanahangaika nalo, thamani ya pesa. Asili ya diya ni ngamia 100. Kuna riwaya kwa Abu Daud kwamba zama za Mtume ngamia hao walikuwa na thamani ya dinari 800. Umar alipoona bei ya ngamia imepanda, alisimama akahutubia watu, akapandisha: wenye dhahabu dinari 1,000, wenye fedha dirham 12,000, wenye ng'ombe 200, wenye kondoo 2,000. Hakuwaachia wafiwa hasara ya mfumuko wa bei. Saudi Arabia mwaka 2011 walifanya jambo la namna hiyo, wakapandisha diya ya kifo cha makosa kutoka riyali 100,000 hadi 300,000, kwa sababu bei ya ngamia ilikuwa imepanda na kiwango cha zamani kimebaki nyuma.

Tena mzigo ule haukuwekwa juu ya mtu mmoja. Uliwekwa juu ya aqila, yaani jamaa zake, wakachangishana, wakapewa miaka 3 ya kulipa. Umar alipoandikisha askari kwenye daftari, wanazuoni wa Kihanafi wakachukua kwamba walioandikwa daftari moja ni aqila mmoja kwa mwingine. Nawaomba muliweke akilini hili la daftari, nitalirudia kwenye habari ya bima.

Je, uzembe? Gari bovu lililoachwa litembee? Hilo nalo liko kwenye vitabu vya zamani, ila badala ya gari wamezungumzia ukuta. Ukuta wa mtu umeinama kuelekea njiani. Wanafiqhi wa Kihanafi wakasema: akishatahadharishwa kwamba ukuta wako umeinama, akawa na muda wa kuubomoa na hakuubomoa, ukamuangukia mpita njia, anadhamini. Miaka zaidi ya elfu moja imepita. Badilisha ukuta uweke breki, badilisha jirani aliyemtahadharisha uweke fundi wa gereji ya Uyole aliyemwambia tajiri "gari hili lisishuke Iwambi leo".

Upande wa Uislamu nadhani umeeleweka. Mtu atasema: Sheikh, sisi tuko Tanzania, diya haihukumiwi mahakamani. Ni kweli. Lakini ipo sheria, nayo ina historia ya ajabu.

Mwaka 1808 huko Uingereza bwana mmoja, Baker, alipanda na mkewe gari la abiria la kuvutwa na farasi. Basi la zama zao. Likapinduka. Yeye akaumia, mkewe akaumia zaidi, akafa baada ya kama mwezi mmoja. Alikuwa na biashara na mke ndiye msaidizi wake mkubwa. Akashtaki. Jaji Lord Ellenborough akaamua kwamba katika mahakama ya madai, kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kuwa ni hasara. Baker akapewa pauni 100 kwa majeraha yake na kwa kuukosa usuhuba wa mkewe kwa ule mwezi mmoja aliokuwa hai akiugua. Kuanzia dakika aliyokata roho, hakuna kitu. Maana yake ni kwamba ukimvunja mtu mguu unalipa, ukimuua kabisa umepona!

Ajabu zaidi, kulikuwa na desturi ya kale kwao kwamba kitu kilichoua mtu, farasi, gurudumu, mkokoteni, kinachukuliwa au kinatozwa thamani yake. Ikaenda kwa nani? Kwa mfalme, au kwa bwana aliyepewa haki hiyo na mfalme. Mkesha wa Krismasi 1841 treni ilipata ajali Sonning, wakafa mafundi waashi waliokuwa wanarudi makwao, na jopo la uchunguzi likaitoza injini na mabehewa pauni 1,000. Wajane kisheria hawakuwa na fungu katika hizo. Matajiri wa reli wakalalamika, watu nao wakalalamika, ndipo mwaka 1846 Lord Campbell akapitisha mambo mawili pamoja: desturi ile ikafutwa, na kwa mara ya kwanza mke, mume, mzazi na mtoto wa aliyeuawa kwa uzembe wakapewa haki ya kudai. Mwaka 1846. Mke wa Ashyam alishapewa fungu lake zaidi ya miaka 1,200 kabla ya hapo. Siandiki hivi kwa majivuno, kwa sababu sisi wenye kisa cha Ashyam ndio tunaowanyima wajane, na wao walioanza kwa kuchelewa wanalipa.

Sheria za Waingereza ziliingia Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920. Mpaka leo sheria yetu inataja tarehe 22 Julai 1920 kuwa ndiyo tarehe ya sheria za Kiingereza tulizozirithi. Mauaji yakawa kesi ya serikali. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu, na utaratibu ukawa ule tunaoujua: dereva anashtakiwa na Jamhuri, akikiri anatozwa faini, faini inakwenda Hazina. Ndugu wa marehemu wanakaa benchi la nyuma, wanasikia kesi imekwisha, wanapanda daladala kurudi nyumbani. Mambo ya Waislamu yaliyoruhusiwa kuhukumiwa kwa sheria yao ni ndoa, talaka, ulezi, mirathi, wakfu na yanayofanana na hayo. Diya haikutajwa, nayo ikasahaulika hata madrasa. Tukabaki kuisoma kama habari ya ngamia wa Waarabu.

Lakini mwaka 1955, bado tukiwa chini ya Waingereza, ilitungwa hapa sheria ya madai yatokanayo na ajali za vifo, na mpaka leo ipo katika vitabu vyetu, Sura ya 310. Ndani yake kuna milango miwili na watu wengi hawaujui hata mmoja. Mlango wa kwanza ni wa wategemezi: mke, mume, wazazi, watoto, kila mmoja kwa kadiri alivyopoteza tegemeo lake, na mahakama ndiyo inagawa. Mlango wa pili ni wa haki aliyokuwa nayo marehemu mwenyewe, ambayo haifi naye, inaingia kwenye mali yake. Hiyo ya pili ndiyo inayogawiwa kwa mirathi yetu ya Kiislamu kama mali nyingine. Ya kwanza haigawiwi kwa thumuni na sudusi, kwa hiyo msigombane na hakimu mkiona mtoto mdogo amepewa kuliko kaka yake anayejitegemea.

Je, hiyo fidia ndiyo diya? Maoni yangu, na mwenye elimu zaidi anisahihishe: si diya yenyewe kwa jina na kwa hesabu, lakini ni njia iliyopo ya kufikia haki ambayo Mwenyezi Mungu amekwisha kuithibitisha kwa watu wa marehemu. Mtu aliyezuiwa mlango wa mbele hakatazwi kuingia kwa mlango wa pembeni wa nyumba yake mwenyewe.

Swali linaloingia sana inboksi: Sheikh, pesa ya bima si haramu? Ndugu yangu, wewe hukukata bima. Ikhtilafu ya wanazuoni ni kwa anayefunga mkataba wa bima ya kibiashara, kwa sababu ya gharari iliyomo. Wewe ni mdai. Haki yako iko kwa aliyeua, na analipa kutoka wapi ni hesabu yake. Na ukikumbuka lile daftari la Umar, watu wengi kubeba pamoja hasara ya kosa la mmoja si wazo geni kwetu. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Bima ndogo iliwekwa kwa ajili ya yule mwenye baiskeli na wale abiria. Tajiri akikwambia gari lake halina bima kubwa hivyo hawezi kukusaidia, anakuchezea. Ukiwa na namba ya gari unaweza kuuliza kwenye mfumo wa TIRA ujue gari lina bima ya kampuni gani. Mkikwama na kampuni ya bima, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na sheria ya 2009. Na kama marehemu alikuwa kazini, dereva, utingo, kibarua wa shamba la miti, familia ina mlango mwingine tofauti, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sheria ya mwaka 2008. Wake wa madereva mnisikilize hapo. Mume wako hata kama ndiye anayelaumiwa barabara nzima, watoto wake hawajakosa kitu.

Msisaini karatasi kwenye tanga. Nalisema hili kwa nguvu. Pokea pole, pokea rambirambi, mwambie mgeni kwa heshima kwamba karatasi tutaisoma na wakili baada ya arobaini. Mtu mwema hatakasirika. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ateuliwe, na mjane awepo kwenye kikao hicho. Kama yuko eda, swala la kutoka kwa haja ya lazima mchana wanazuoni wamelizungumza, lina ruhusa yake. Chukueni cheti cha kifo cha RITA. Ombeni polisi taarifa ya ajali na mchoro wa eneo. Nendeni siku ya kesi ya dereva, si kwa ajili ya kumlaani, bali kwa sababu hakimu ana mamlaka ya kuamuru fidia pamoja na adhabu, na hamkai hapo mpaka aote kwamba nyinyi mpo. Mkapate na nakala ya hukumu, kwa kuwa dereva akitiwa hatiani, hukumu ile ni ushahidi mzito kwenye kesi yenu ya madai. Risiti za hospitali, za jeneza, za gari la kusafirishia mwili, msitupe, mahakama haikulipi gharama ambayo hukuithibitisha. Asiye na uwezo wa wakili kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa kwa sheria ya 2017, bure. Jihadharini na vishoka wanaozurura hospitali na vituo vya polisi wakiomba nusu kwa nusu.

Na msikae. Madai ya madhara kama haya yana kikomo cha miaka 3. Niliwaambia aqila walipewa miaka 3 ya kulipa. Huku kwetu hiyo miaka 3 ni yako wewe wa kufungua kesi, usichanganye.

Kuna mtu atasema tunawafundisha watu kupenda pesa ya maiti. Mimi nimewaona wajane wa barabara hii. Nimemuona mmoja anauza maandazi stendi akiwa na mtoto mgongoni saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya Mafinga mnaijua. Haombi utajiri.

Narudi kwa ile familia. Mtoto aliyekuwa ananyonya sasa yuko darasa la tano na anasoma madrasa. Miaka 3 ilikwisha siku nyingi. Mwaka jana nilikwenda kwa baba mdogo wake, tukakaa palepale barazani. Nikamweleza aya ya 10, nikamweleza kwamba kwa mafundisho ya madhehebu yetu hakuwa na mamlaka ya kusamehe fungu la wale watoto, na kwamba nimekuja kumuomba tutafute pamoja namna ya kuwalipa tulichowapotezea. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Sheikh, na wewe si ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Kwa hiyo ada ya madrasa na sare za shule za wale watoto tunachangia wawili, yeye na mimi, tangu mwezi wa Shaabani.

Dereva aliyeniuliza habari ya kafara, ile saumu ya miezi miwili mfululizo, na anaendesha lori safari ya Tunduma kila wiki, swali lako nimeliona. Nitalijibu kwenye darsa ya Jumatano baada ya Maghrib, in shaa Allah, halina jibu la mistari miwili.

Wallahu a'lam.